Jina Langu, Namba Si Yangu

Enelesi Makwinja ana miaka arobaini na sita, na kila Jumanne utamkuta kliniki ya Nansato, amesimama kando ya mizani ya watoto wachanga. Anamning'iniza mtoto, anasoma kilo, anazitaja kwa sauti ili nesi aandike. Halipwi hata sarafu moja ya tambala. Ukimuuliza kwa nini anajitesa, atakwambia, "Napenda tu." Mwongo mkubwa huyo! Mimi nimekuwa jirani yake tangu tukicheza kombolela, nayajua yake yote, na kwa kuwa yeye hasemi, nitasema mimi.

Kwetu huku kwenye mashamba ya chai, mjomba ndiye mwenye watoto. Baba anakuja kuishi kwao mke, anajenga, analima, anazaa, na siku akichoka anaondoka na alichokuja nacho. Baba yake Enelesi alichoka mapema. Alikunja blanketi lake, akaifunga redio yake kwenye baiskeli, akaaga watu vizuri tu, na hakuonekana tena. Kwa hiyo siku ya kuandikishwa shule, aliyemshika Enelesi mkono alikuwa mjomba wake, Wilisoni Makwinja, karani wa mizani pale shambani, na palipotakiwa jina la ukoo mjomba aliandika la kwake. Mama yake, Falesi, hakujua kusoma. Alisimama nyuma yao akitabasamu.

Huyo mjomba hakuwa mtu wa mchezo katika nyumba ile. Kuku akichinjwa kwa mama Falesi, firigisi haikuguswa na mtu. Ilifungwa kwenye jani la mgomba, na Enelesi akaipeleka mbio kwa mjomba kabla haijapoa. Hata mwaka wa njaa, kuku mmoja kwa miezi sita, firigisi ilikwenda kwa mjomba. Hakuna aliyeona ajabu. Ndivyo tulivyolelewa sote.

Sasa, mjomba naye alikuwa na binti, na binti huyo naye aliitwa Enelesi. Bibi yao, Enelesi mwenyewe, alifariki mwaka waliozaliwa watoto hawa wawili. Mama Falesi akajifungua Machi, akampa mtoto jina la marehemu. Mke wa mjomba akajifungua Julai, mjomba naye akatoa jina lile lile. Watu walipomwambia kwamba jina limeshachukuliwa, alicheka. "Mama yangu alikuwa mkubwa, bwana. Hawezi kumtosha mtoto mmoja." Basi wakawa Enelesi Makwinja wawili, darasa moja, shule moja. Nyumbani yule wa mjomba tulimwita Nele. Shuleni walimu waliwaita Enelesi Mrefu na Enelesi Mfupi, na kwenye daftari la mtihani wa kidato cha nne wakaandikwa mmoja chini ya mwenzake: Mrefu namba 0417, Mfupi namba 0418.

Enelesi wetu, yaani Mrefu, alikuwa na kichwa, acha nikwambie. Na alijua anachokitaka, jambo ambalo wengi wetu hatukulijua. Wenzake walijaza fomu za vyuo kwa kupiga ramli: huyu ualimu, huyu kilimo, huyu chochote kitakachonichukua. Yeye alijaza unesi, na palipotakiwa chaguo la pili akaandika unesi tena, mwalimu akamgombeza. Tangu ana miaka kumi na mitatu alikuwa akienda kliniki kila Jumanne baada ya shule kumsaidia nesi kuandika kilo za watoto, kwa sababu alikuwa na mwandiko mzuri. Alitaka siku moja asimame upande ule mwingine wa meza, basi.

Redio ilisoma majina siku ya Alhamisi, saa kumi alasiri. Redio yenyewe ilikuwa ya kwetu, maana ya kwao ilishaondoka na baba. Uwanja ulijaa watu. Msomaji alikuwa akisoma kama anayekimbizwa, jina, shule, chuo, jina, shule, chuo, na mama Falesi alikuwa amekaa chini na ungo wa mahindi mapajani, ameacha kupepeta. Mara: "Enelesi Makwinja, sekondari ya Nansato, unesi."

Weee! Ungo uliruka huko. Mama Falesi alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka, akacheza, akajifunga kitenge upya, akacheza tena. Tulimbeba Enelesi juu juu tukazunguka naye uwanja mzima. Hakuna aliyeuliza ni Enelesi yupi. Kwani kulikuwa na haja? Nele alikaa dawati la nyuma yake miaka minne, akichungulia begani.

Kesho yake asubuhi Enelesi alikwenda mtoni kufua nguo za safari. Mjomba alipita pale nyumbani, akazungumza na dada yake ndani, akaondoka kwenda shuleni kuchukua karatasi za matokeo. Hilo nalo ni jambo la kawaida, matokeo ya watoto huchukuliwa na mjomba. Akarudi Jumamosi. Tulikuwa tumeshakoroga thobwa la kumpongeza binti, na majirani walikuwa wameanza kunywa.

"Keti, mwanangu," mjomba akamwambia Enelesi. Yeye mwenyewe hakukaa. "Majina mawili, nafasi moja. Redio imesoma jina, haikusoma namba. Mimi nimekwenda mwenyewe nimeona. Aliyechaguliwa ni mwenzio."

"Nele?"

"Nele. Ana pointi kumi na tisa."

"Na mimi, Mjomba?"

Mjomba akatoa karatasi mfukoni, akamwonyesha. Enelesi aliona jina lake, akaona pointi arobaini na nne, macho yakamjaa machozi. Namba hakuitazama. Nani angeitazama? Mjomba akaikunja karatasi akairudisha mfukoni. "Nitakutunzia," akasema.

Bibi Dorika, ambaye hakuwahi kukanyaga darasa, akapiga kigelegele. "Arobaini na nne! Na yule mwenzie kumi na tisa tu? Masikini! Ndiyo maana wanamrudisha shule, akaongeze!"

Watu walicheka mpaka wakamwaga thobwa, kwa sababu katika mtihani ule kadiri pointi zinavyokuwa chache ndivyo ulivyofaulu, na aliye na arobaini na nne amefeli bila ubishi. Enelesi naye akacheka, machozi yakimtoka. Mtu mmoja tu hakucheka. Mama Falesi alikuwa ameinamia ungo wake, anachambua mahindi ambayo yalishachambuliwa.

Jioni Enelesi akamwambia, "Mama, nipe kadi yangu ya mtihani niione namba. Labda wamekosea."

"Ufunguo wa sanduku siuoni."

"Si uko kiunoni?"

"Nimesema siuoni. Na wewe acha kumkosea adabu mjomba wako. Amekwambia ameona."

Akaacha. Kwenda mwenyewe shuleni hakwenda, mwendo wa saa mbili kwa miguu, halafu ufike usome aibu yako ukutani mbele ya watu? Hakwenda. Badala yake alikwenda kumsaidia Nele kufunga mizigo. Alimpa beseni lake jipya. Alimpa na sweta lake la bluu alilolifuma mwenyewe, akisubiri chuo, akamwambia, "Huko ni baridi, vaa." Nele alilia siku ile kuliko watu wote. Sisi tukadhani ni kuagana.

Enelesi akaingia kuchuma chai. Mjomba ndiye aliyemtafutia kazi, na miezi ile mjomba alikuwa mwema kupita kiasi. Leo kaleta sabuni, kesho kaleta sukari. Enelesi akifika mizanini na kikapu chake, mjomba alimwandikia kilo mbili zaidi, wenzake wakanung'unika. "Mwenye mjomba hakosi," walimtania. Naye akajibu, "Tafuteni wenu." Alimpenda sana mjomba wake. Hilo lisemwe.

Mwezi wa saba, chiperoni imetanda, ile mvua yetu nyembamba ya baridi isiyonyesha wala isiyoacha, wakasema vyeti vimefika shuleni. Enelesi aliomba ruhusa akaenda. Alitaka cheti chake, kibaya hivyo hivyo, labda kingemfaa kuombea kazi ya dukani. Karani wa shule, mama mmoja mgeni aliyehamia mwaka ule, akafungua daftari.

"Jina?"

"Enelesi Makwinja."

"Ahaa. Kimebaki kimoja." Akamkabidhi.

Enelesi alikisoma akiwa amesimama pale pale. Jina, shule, mwaka. Kisha namba: 0418.

"Mama, hiki si changu."

"Si umesema wewe ni Enelesi Makwinja?"

"Jina ni langu. Namba si yangu. Mimi ni 0417. Niliiandika juu ya kila karatasi, masomo yote, siwezi kuisahau."

Karani akavaa miwani. "0417 kilichukuliwa wiki iliyopita. Pointi kumi na tisa, yupo chuo cha unesi. Amekuja baba yake."

"Mlimpaje bila kumjua?"

"Tunamjua nani sisi? Alileta kadi ya mtihani. Mwenye kadi ndiye mwenye cheti." Enzi hizo kadi hazikuwa na picha. Karani akaanza kufungua daftari jingine, halafu akainua macho. "Binti, kadi yako uliiweka wapi?"

Enelesi akakunja kile cheti akatoka. Kadi yake ilikuwa kwenye kopo la biskuti, kopo lilikuwa ndani ya sanduku la bati, na sanduku lilikuwa na ufunguo mmoja tu duniani. Nyumba nzima walijua ufunguo ule unakaa wapi, maana mama yake hata akioga aliuvaa. Hasira juu ya mjomba ilimpanda kwanza, njia nzima alikuwa akimtukana kwa sauti kama kichaa, watu wanampisha. Ilikuwa karibu na nyumbani ndipo alipomwacha mjomba akaanza kumfikiria mama, na hapo akakaa kwenye majani yaliyolowa.

Mama Falesi alikuwa barazani anamenya mbaazi.

"Mama, nani alifungua sanduku?"

Mbaazi zikaendelea kudondoka kwenye bakuli.

"Mama."

"Nilifungua mimi."

Hakukana, jamani. Angekana ingekuwa nafuu. Alimweleza kila kitu, mikono haiachi kazi: jinsi kaka yake alivyokuja asubuhi ile ya Ijumaa, akafunga mlango, akapiga magoti. Wakwe zake walikuwa wakimsimanga kwamba anasomesha wa dada, wa kwake wanaozea kwenye chai. Mtu mzima, mwenye mbumba yote ile, ukoo mzima wa dada na wapwa, amempigia magoti yeye Falesi asiyejua hata kuandika jina lake.

"Ningefanyaje, mwanangu? Nina kaka mmoja. Na wewe una kichwa. Wewe ungerudia mtihani ungepata tena. Mwenzio hata arudie mara kumi asingepata."

"Kwa hiyo kosa langu ni kufaulu?"

"Sijasema kosa."

"Ulicheza, Mama. Alhamisi ulicheza, nilikuona."

"Nilicheza kweli. Bado sikuwa najua."

"Na nilipomfungia Nele mizigo, ulijua. Nilipotoa sweta langu, ulikuwa umekaa hapo hapo. Ukaniangalia."

Mama Falesi akaacha kumenya.

Asubuhi Enelesi alimkuta mjomba mizanini, wachumaji wamepanga mstari. Akamwekea kile cheti juu ya kikapu cha mtu. Mjomba akakitazama, akamvuta kando, na wala hakutahayari.

"Enelesi Makwinja kachaguliwa," akasema polepole, "na Enelesi Makwinja kaenda. Sasa hapo uongo uko wapi?"

"Mjomba!"

"Mwakani utarudia mtihani, nitakulipia mwenyewe. Mimi si mtu mbaya."

"Nakwenda chuoni kusema."

"Nenda." Akachukua kalamu yake nyuma ya sikio. "Wataita polisi. Polisi watanikamata mimi, sawa. Halafu watauliza kadi ilitokaje kwenu. Kadi haina miguu, mwanangu."

Alikwenda hivyo hivyo. Alifunga cheti cha watu kwenye kitenge, akavaa viatu vyake vya shule. Mama Falesi alimkuta mlangoni, ameshaupandisha mkoba begani.

"Ukifika kwa mkuu wa chuo," mama akamwambia, "anza na mimi. Sema mama yangu ndiye aliyefungua. Nikikaa jela nitakuwa nimekaa kwa haki yangu."

Aliyasema hayo kwa upole, na pengine kwa kweli, lakini Enelesi alimchukia kwa maneno yale kuliko kwa ule ufunguo. Alitaka mama yake amzuie, wapigane, watukanane, apate nguvu ya kwenda. Badala yake alibebeshwa mama mzima kwenye ule mkoba.

Chuo kiko ng'ambo ya mlima, basi moja na mwendo wa nusu saa. Saa sita mchana alikuwa getini. Mlinzi, mzee wa maneno mengi, alikuwa na daftari la wageni.

"Karibu, dada. Jina?"

"Enelesi Makwinja."

Mlinzi akaandika Enelesi, kisha akaacha kalamu akacheka. "Acha utani. Enelesi Makwinja namjua, ananiletea mandazi kila Jumapili. Yule pale anatoka darasani."

Enelesi akageuka. Nele alikuwa na wenzake watatu, gauni jeupe, soksi nyeupe, na juu ya gauni sweta la bluu. Wenzake walikuwa wanamwita, "Enelesi, tungoje!" Na Enelesi aliye getini akaitika moyoni, akashtuka. Nele akamwona. Vitabu vikamponyoka, akabaki pale pale, hasogei mbele wala harudi.

"Haya," akasema mlinzi, "mwenye jina ni yule. Sasa wewe ni nani?"

Maisha yake yote yalikuwa kwenye swali lile. Cheti kilikuwa kwenye kitenge. Ofisi ya mkuu wa chuo ilikuwa hatua ishirini, mlango wazi. Alijua namba yake. Wangewauliza swali moja la hesabu yeye na Nele, wangejua hapo hapo. Halafu wangeuliza kadi ilitoka wapi. Akamwona mama yake anapandishwa kwenye gari la polisi, na ufunguo wake kiunoni, hajui hata karatasi anayowekeshwa dole gumba inasema nini.

"Mimi ni ndugu yake," akasema.

Mlinzi akaandika: ndugu.

Nele alikuja getini. "Umekuja kunisema?"

"Nimekuja kuona kitanda changu."

Nele akampeleka, kweli. Kilikuwa cha dirishani, shuka limekunjwa vizuri, na beseni lake chini yake. Enelesi akakaa juu yake kidogo. Nele akaanza kuvua sweta, analia, anasema lichukue, lichukue, mimi baba alinilazimisha. "Vaa," Enelesi akamwambia. "Na usifeli. Ukifeli nitakuua." Akaondoka.

Alifika nyumbani jua linazama. Harufu ya kuku ilimpokea mbali. Mama Falesi alikuwa amemchinja jogoo wa pekee waliyekuwa naye, amesonga nsima ya unga mweupe, ametandika mkeka kama wa mgeni.

"Umesema?" akauliza, hajamtazama.

"Nimesema."

"Umesema nini?"

"Kwamba mimi ni ndugu yake."

Mama Falesi akashusha pumzi ndefu, mabega yakalegea, akacheka kidogo kwa furaha, hakuweza kujizuia. "Mungu akubariki, mwanangu. Mungu akubariki." Na kwa mikono yake miwili akampakulia nsima, akamwekea paja, kisha akachagua kwenye sufuria, akatoa firigisi, akaiweka juu kabisa. Firigisi! Miaka kumi na tisa Enelesi ameikimbiza kwenye jani la mgomba, hajawahi hata kuilamba.

"Kula, mwanangu. Leo ni yako."

Enelesi aliitazama. Kisha akanyanyuka, akakata jani la mgomba nyuma ya nyumba, akaifunga vizuri kama alivyofunzwa, akaiweka mapajani mwa mama yake.

"Si yangu hii, Mama," akasema. "Mpelekee mwenyewe."